Mpwa wa Kisirani

Tarehe 3 Februari

Kaka yangu,

Hujambo huko uliko? Sisi huku tumeamka salama, ila mafua yameingia nyumbani bila kubisha hodi. Yalianza kwa shemeji yako, yakahamia kwa mama mkwe, sasa yako kwa Kibonge. Mwenyewe hana habari. Anapiga chafya halafu anatutazama kwa hasira, kana kwamba sisi ndio tumempigia. Ameota jino moja la chini na analitumia kunionea. Shemeji yako bado anachomelea mageti kule karakana, na mimi nashona sare za shule hapa sebuleni, mguu mmoja kwenye cherehani, mwingine unabembeleza mtoto.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikikuuliza jambo unacheka, ukishacheka unasema mtandao mbaya. Karatasi haina mtandao.

Kaka, mbona Jumamosi hamkuonekana? Mama mkwe alishasogeza kiti chake mpaka puani mwa televisheni, amejifunga kibwebwe kama mtu anayekwenda ugomvini. Saa ya mieleka ikafika, akatokea mtu anafundisha kupanga maua. "Yuko wapi yule mshenzi?" akauliza. Maana yake wewe. "Yuko wapi Kisirani? Leo ilikuwa siku yake ya kuvunjwa mbavu!" Mimi nikainamia kitambaa nisionekane uso.

Mwaka wa pili huu tangu niolewe, na bado hajui kwamba huyo mshenzi wake ni kaka yangu wa tumbo moja. Nimeshika agizo lako na la Baba Mkubwa, kwamba mbaya wa ulingoni hana dada, hana mama, hana kwao. Nikiulizwa nasema una duka la vipuri, mbali. Ila sasa mama mkwe anataka umtafutie pampu ya maji, kwa bei ya ndugu. Utajua mwenyewe.

Niambie ukweli, kipindi kimeenda wapi? Na kampuni ya Baba Mkubwa je? Na lile swali langu la harusi, kwa nini hukuja, liko pale pale. Usipolijibu sitakasirika. Nitauliza tena.

Mdogo wako,
Mama Kibonge


Tarehe 1 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipata, nimeisoma kwenye gari, wenzangu wakaniuliza nacheka nini. Nikawaambia kuna mwanamke anataka nivunjwe mbavu. Wakasema hao ni wengi, huyu ana nini cha ziada?

Sisi wazima. Baba Mkubwa goti linamsumbua lakini ukimwambia akae anakutazama kama umemtusi. Kila siku ya pambano yeye ndiye wa kwanza kufika ukumbini, anapiga turubai la ulingo kwa kiganja, kona baada ya kona, asikilize linavyolia. Unakumbuka? Tulipokuwa wadogo nilidhani anaongea nalo. Siku hizi nadhani nilikuwa sahihi.

Kipindi kimehamishwa. Sasa tunaonyeshwa Jumapili alfajiri, kabla hata wauza magazeti hawajaamka. Hawakutuaga, tulijionea wenyewe kwenye ratiba. Kisha wakamwita Baba Mkubwa wakamwambia mwezi wa sita wanaachana na sisi kabisa, watu wameichoka mieleka. Ukumbini nako unaona. Zamani nikitupwa nje ya ulingo natua mapajani mwa watu, wananipiga na mikoba yao, raha tupu. Sasa natua kwenye viti vitupu. Kiti kitupu kinauma, mdogo wangu.

Kuna televisheni nyingine inatutaka. Amekuja mama mmoja, mtayarishaji, mchangamfu, amevaa raba. Anasema atatupa saa yetu ya Jumamosi jioni, na kamera nne badala ya ile moja iliyokuwa inasinzia mlangoni. Ila ana sharti: kila juma, kabla ya pambano, anataka kuonyesha nyumbani kwa mmoja wetu. Anakula nini, analea nani, anaumwa wapi. Na anataka kuanza na mimi, kwa kuwa ndiye ninayechukiwa kuliko wote.

Baba Mkubwa alimsikiliza kwa adabu, akamsindikiza mpaka kwenye ngazi, akarudi akasema hapana. "Watu wakimwona Kisirani anabembeleza mtoto," akasema, "nani ataacha chakula chake aje kumzomea? Na asipozomewa, Jogoo atakuwa anamwokoa nani na nini?" Jogoo ndiye mwema wetu siku hizi, yule kijana mrefu. Tunalala chumba kimoja, ananikanda mgongo, asubuhi tunatoka kwa milango tofauti na kupanda magari tofauti. Ndivyo alivyotulea Baba Mkubwa, na ndivyo kampuni ilivyosimama miaka yote hii.

Mimi sina la kusema. Nikiambiwa nianguke, naanguka.

Kibonge mbusu kwenye hilo jino.

Kaka yako


Tarehe 22 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Mafua yameisha, asante Mungu. Kibonge amejifunza kutambaa, ila anatambaa kwa kurudi nyuma. Akiona kitu anakitaka anajikuta anakiacha. Shemeji yako anasema amefuata upande wetu.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko nilivyopaswa, kitambaa kimekaa bila kukatwa. Mimi sikusoma sana, unanijua, na mambo ya televisheni siyajui. Ila nilitoka nikaenda kwa kinyozi wa hapa mtaani. Mkumbushe Baba Mkubwa, zamani Jumamosi pale kwa kinyozi watu walikuwa wanajaa mpaka nje, wengine wamenyolewa nusu kichwa, hawataki kuinuka wasipoteze kiti. Nikamuuliza, "Siku hizi mieleka hamuangalii?" Akasema, "Dada, si iliacha?" Nikamwambia haikuacha, iko Jumapili alfajiri. Akaweka mkasi chini. "Alfajiri! Nani anaamka alfajiri kumchukia mtu?"

Kaka, watu hawajawachoka. Hawajui mko wapi. Ukihamisha mlango bila kumwambia mgeni, huwezi kusema haji kutembea. Kwa hiyo mimi naona hiyo televisheni nyingine ingewafaa. Saa peke yake ingewafaa, kabla hata ya hizo kamera.

Ila la Baba Mkubwa nalo silidharau. Ni kweli watu wanakuja kuchukia. Ninachojiuliza ni hiki: mtu ukishamjua, huwezi tena kumzomea? Mimi nakujua tangu unakojoa kitandani, na ulipomvuta Jogoo nywele wakati mwamuzi amegeuka, nilitamani nikutupie kiatu.

Naomba ruhusa moja. Niruhusu nimwambie mama mkwe wewe ni nani. Hapa nyumbani tu, yeye peke yake. Tuone atafanya nini. Kama akiacha kutukana, basi Baba Mkubwa amesema kweli na mimi nitanyamaza.

Na kama hayo yote yasingekuwepo, sheria, magari mawili, yote, ungekuja kumwona mtoto? Jibu hili tu, yale mengine yasubiri.

Mama Kibonge


Tarehe 5 Mei

Kaka,

Natumaini uzima. Aprili yote nimemtazama mleta barua mpaka amekuwa anavuka barabara akiniona. Sijui kama umekasirika au umeumia. Nilipokupigia akapokea Jogoo, akasema "yupo, yupo, yuko bafuni," na kwa sauti ile nikajua umekaa pembeni yake unamkonyeza.

Sikupata ruhusa, lakini sikukatazwa pia. Kwa hiyo nimemwambia.

Tulikuwa tunakunja nguo. Nikasema, "Mama, yule Kisirani ni kaka yangu."

Akacheka. "Na mimi ni mke wa rais."

Nikaleta ile picha yetu ya utotoni, uko na kaptula ya Baba Mkubwa iliyokufika kwenye vifundo vya miguu. Akaipeleka dirishani. Akatazama sana. Masikio yako kaka, masikio hayakuacha nafasi ya ubishi. Akaiweka mezani, akamchukua Kibonge, akatoka naye uani, na hakunisemesha mpaka jioni. Nikajua nimebomoa nyumba yangu kwa mdomo wangu. Shemeji yako akaniuliza kuna nini, nikamwambia vitunguu, na siku hiyo hatukupika vitunguu.

Jioni akarudi akakaa mbele yangu.

"Muda wote huu namtukana kaka yako, na wewe umekaa hapo unashona."

"Ndiyo, mama."

"Na hukunikanya."

"Ndiyo sheria ya kazi yao, mama. Ukiwa mbaya unakuwa mbaya mpaka sokoni."

"Na yule mwenye duka la vipuri?"

"Ndiye huyo huyo."

Akamhamishia Kibonge goti jingine. "Kwa hiyo pampu yangu ndiyo basi tena."

Nilicheka nikalia, vyote pamoja. Lakini sikiliza la Jumapili. Aliamka mwenyewe alfajiri, akaniamsha na mimi. Akajifunga kibwebwe, akakaa. Nikasema moyoni, sasa ndipo tutajua. Ukatokea na ile nguo nyeusi niliyokushonea, ukamtemea mwamuzi mate. Kimya. Nikaanza kuona Baba Mkubwa ameshinda. Halafu ukamkaba Jogoo kwa ile kamba ya kona, na mama mkwe akaruka kitini. "Mshenzi wewe! Masikio kama sahani! Mwachie mtoto wa watu!" Yaani kwa sauti ambayo hajawahi kuitoa. Jirani akagonga ukuta.

Nikamwambia, "Mama, si umeshajua ni nani?"

"Ndiyo maana," akasema. "Mtu baki unamtukana kwa adabu, hujui ana machungu gani kwao. Huyu ni wa nyumbani. Namtukana mpaka nishibe."

Mlipomaliza akakaa akipumua, akaniuliza taratibu, "Lakini anakula vizuri huyo? Naona amekonda."

Msomee Baba Mkubwa. Kama huwezi kumsomea, mwachie karatasi mahali atakapoiona.

Dada yako


Tarehe 9 Juni

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa ukimya. Kibonge hajambo? Anatambaa kwenda mbele sasa? Shemeji mpe salamu, na mama mkwe mpe salamu za mshenzi.

Sikukasirika. Uliniuliza kama ningekuja, na kila nilipokaa kukujibu nikaona nikiandika ndiyo, kesho yake nitapanda basi, na nikipanda basi nimeivunja sheria ya mzee wakati kampuni iko mikononi mwa daktari. Basi nikawa siandiki.

Acha nijibu na lile jingine kabla sijapata akili. Harusini nilikuja. Nilisimama ng'ambo ya barabara, kwa fundi viatu, nimevaa kofia, nikamwomba anishonee kiatu ambacho hakikuwa na tundu. Nilikuona unashuka garini. Gauni lilikuwa linavuta kidogo upande wa kushoto, nikajua umelishona mwenyewe na hukupata wa kukushikia pini. Hiyo ilikuwa kazi yangu, kukushikia pini. Fundi akaniuliza, "Unamjua bibi harusi?" Nikamwambia simjui. Ndilo neno baya kuliko yote niliyowahi kusema, na ulingoni nimesema mengi.

Sasa la Baba Mkubwa. Sikumwachia karatasi. Nilisubiri siku ambayo watu wa televisheni ya zamani walikuja kung'oa waya zao ukumbini. Walipoondoka alibaki amekaa kwenye kona ya ulingo, mguu wenye goti bovu ameunyoosha. Nikampa barua. Akavaa miwani. Akaisoma, akanyanyuka, akaenda akafungua mlango wa chumba cha wabaya, akaenda akafungua na wa chumba cha wema, akatuita wote. Hatujawahi kukaa chumba kimoja wote tukiwa na nguo za ulingo. Jogoo hakujua atazame wapi. Akatusomea kwa sauti. Kwenye "masikio kama sahani" walianguka. Kwenye "mpaka nishibe" yeye mwenyewe alivua miwani akaifuta.

"Huyu mama," akasema, "anaijua kazi hii kuliko mimi."

Hajakubali yote. Amekubali mara moja. Kipindi kimoja, kisha pambano moja ukumbini, Jumamosi ya kwanza ya Agosti. Wakinizomea, tunasaini na yule mama wa raba. Wasiponizomea, anafunga kampuni, anauza ulingo, na kila mtu atafute la kufanya. Alilisema bila kupandisha sauti. Kuna watu pale wana watoto wa shule, wakatazama viatu vyao.

Kwa hiyo nakuja, mdogo wangu. Nakuja na mpiga kamera, lakini nakuja.

Kaka yako


Tarehe 18 Julai

Kaka yangu,

Ulifika salama? Kibonge bado anaangalia mlango. Mama mkwe analitandika upya lile kochi ulilolala, analitandua, analitandika.

Bado tunacheka. Mimi sijawahi kuona mtu anayesukumwa na mama mkwe kwa kidole kimoja kifuani, "Ndiye wewe!", na anaanguka chali na kiti na meza na birika. Mama mkwe alidhani amekuua. Majirani wakajaa mlangoni. Na wewe uko chini, unaomba radhi, "samahani mama, ni mazoea, mtu akinigusa mwili unaanguka wenyewe." Kibonge alicheka mpaka akapata kwikwi. Na mpiga kamera wa watu yuko nje anafunga kamba za viatu! Alivyombembeleza mama warudie, akamjibu, "Mimi si mwigizaji. Nilichosema nimeshasema."

Basi wameonyesha vile vingine. Unamnywesha maziwa, unanishikia pini nikikurekebishia nguo nyeusi, umelala na Kibonge juu ya tumbo, wote vinywa wazi. Nilipokiona juzi nililia kabla hata jina halijaandikwa. Mtaa mzima umekitazama, sasa naitwa "dada wa Kisirani" mpaka kwa muuza mkaa.

Hapa nilitaka kumaliza barua, lakini karatasi bado ina nafasi na moyo unanisuta. Kaka, watu wamekupenda. Kinyozi ameniambia, "Kumbe yule ni mtu! Mimi sitaweza kumzomea tena, nitaona haya." Na si yeye peke yake. Wanawake kisimani wanasema jinsi ulivyomshika mtoto. Nilivyoingia kwenye jambo hili nilikuwa na mfano wa mtu mmoja tu, mama mkwe, na sasa naona mama mkwe labda ni wa peke yake. Nimewaingiza nyote kwenye wazo la mwanamke anayeshona sare.

Nasali. Shemeji yako anasema usingizi utanipata Agosti.

Dada yako anayekupenda


Tarehe 6 Agosti

Mdogo wangu,

Wazima nyote? Sisi wazima, mimi nina alama ya mkoba usoni, nitakueleza imetoka wapi.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Hilo la kwanza. Watu walisimama mpaka kwenye ngazi, na kamera nne, na yule mama wa raba anakimbia huku na huku. Nikiwa nyuma ya pazia nikasikia kelele zao nikasema, tumepona. Jina langu likaitwa. Nikatoka.

Kimya.

Sijui kama unaweza kuelewa. Nimetembea kwenda ulingoni miaka yote katikati ya matusi, ni kama mtu aliyezoea kutembea kwenye mvua. Siku hiyo nilisikia viatu vyangu. Watu wananitazama kwa upole. Mama mmoja mstari wa mbele akanipungia mkono, vidole tu, hivi. Nikapanda ulingoni. Jogoo akaja, nikamtemea mate, wakatabasamu. Nikamkaba kwa kamba, mtu akasema, "pole pole baba, utaumia." Jogoo yuko chini ya mkono wangu, naisikia pumzi yake, akaninong'oneza, "Kaka, tumekwisha." Nikatazama pazia. Baba Mkubwa alikuwa amesimama pale, ameshika pazia kwa mkono mmoja, hakunionyesha ishara yoyote.

Sikujua la kufanya, basi nikafanya kazi. Mwamuzi akageuka, nikamvuta Jogoo nywele. Na kutoka juu kabisa, kule kwa tiketi za bei rahisi, ikatoka sauti ya mwanamke nisiyemjua, nyembamba, imejaa uchungu wa kweli:

"Mwongo mkubwa wewe! Yule mtoto umemwazima!"

Watu wakageuka. Mwingine akadakia, "Kweli, kamwazima!" Mwingine, "Mrudishe mtoto wa watu!" Na ukumbi ukapasuka. Mdogo wangu, walinizomea mpaka vumbi likadondoka darini. Yule aliyenipungia vidole ndiye aliyenipiga na mkoba. Kila nilichofanya kikawa kimepata sababu: nikianguka, "mwite mama wa mtoto akuinue!", nikiinuka, "mwizi wa mtoto!" Walikuwa wanacheka na wanachukia kwa pamoja, na sikujua kama hayo mawili yanaweza kukaa kwenye kiti kimoja. Jogoo aliponibwaga mwisho, watu walikumbatiana.

Yule mama wa raba ametupa mpaka mwisho wa mwaka. Baada ya hapo atapima tena. Baba Mkubwa amesaini, akasema mwaka ni mrefu, akarudi kulipiga turubai lake.

Mimi niliingia chumbani, sasa ni kimoja kwa wote, nikakaa kwenye benchi nikalia, lile neno "umemwazima" bado liko masikioni. Jogoo akanijia na maji na kitambaa, akapiga magoti mbele yangu, akaniuliza nimeumia wapi.

Nikakosa pa kumwonyesha.

Kaka yako